Bomu la Kando na Njia ya Zamani

Mke wangu hapendi kutembea na mimi. Anasema tukitoka Ujiji kwenda mjini kwa miguu ninaangalia vichaka vya pembeni kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, na watu tunaopishana nao hunisalimia mara mbili ndipo niitikie. Ana haki. Nimestaafu miezi saba sasa, lakini shingo yangu bado haijapata barua yake. Vijana wa kikosi mmeniomba niandike habari za kazi yetu, hasa ya mabomu yanayotegwa kando ya barabara, nami naanza na shingo kwa sababu ndiyo itakayowasumbua na ninyi.

Vyeo sitavigusa. Vilikuja vilipotaka vyenyewe, na mshahara mnaujua.

Nilizaliwa Ujiji. Baba aliuza mawese na dagaa wakavu, akiwanunua Katonga asubuhi na kuwapeleka mpaka Kidahwe. Mama alikuwa Muha wa upande wa Kasulu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, ila yeye akikasirika aligombeza kwa Kiha, kwa hiyo Kiha changu ni kizuri zaidi kwenye maneno ya kukatazwa. Niliingia uhandisi wa medani kwa sababu aliyekuwa akitugawa makuruta aliuliza nani anajua kutengeneza baiskeli, nikanyoosha mkono. Nilidhani nitapewa baiskeli.

Nilipewa sindano. Ndivyo tulivyoita ule ufito mwembamba wa chuma wa kudungia ardhi taratibu, kwa kuulaza, ukitafuta kilichozikwa. Aliyenipa alikuwa Sajini Taji Mbogo, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti kwa muda wote niliokuwa chini yake. Siku ya kwanza alinilaza kifudifudi kwenye kiwanja cha mchanga kisichozidi ukubwa wa kitanda, akaniambia kuna bomu tupu la mazoezi humo, nilitafute. Nikadunga mpaka adhuhuri. Nilipata misumari miwili na kizibo cha soda. Bomu lenyewe lilikuwa chini ya kiwiko changu.

"Wewe ulikufa saa tatu asubuhi," Mbogo aliniambia. "Nilikuwa nasubiri umalize."

Mwisho wa juma lile alitupeleka watu sita kwenye njia ya vumbi nyuma ya kambi, akatuambia tuikague. Tuliikagua kwa kitambuzi cha vyuma, kisha kwa sindano, kila shimo na kila tairi lilipopita, kwa nusu siku. Tukamwambia iko safi. Mbogo akatoka njiani, akahesabu hatua thelathini porini, akafunua nyasi. Palikuwa na bomba limesimama juu ya miguu mitatu, mdomo umetuelekea.

"Njia mmeikagua vizuri sana," akasema. "Haina tatizo. Ninyi ndio mnalo."

Hapo ndipo nilipokutana na bomu la kando. Historia yake, kama Mbogo alivyotufundisha kwa kiberiti na kikombe cha chai, ni hii. Bomu la kawaida la kifaru huzikwa njiani na kungoja kukanyagwa. Katika vita vikuu vya Ulaya lilifanya kazi hiyo vizuri, mpaka kila jeshi likajifunza kupekua njia kabla ya kupita. Tena kuna mahali huwezi kuzika kitu: penye mwamba, penye lami, penye daraja. Na kuchimba mashimo mia kunataka watu na muda, ambavyo askari anayerudi nyuma hana. Wahandisi wakajiuliza kwa nini bomu lilale njiani wakati ubavu wa kifaru ni mwembamba kuliko uso wake. Wakachukua roketi ya kupigia begani, wakaifunga kwenye miguu pembeni mwa njia na kuielekeza ng'ambo. Yule askari wa kuifyatua wakamwondoa, mahali pake wakaweka waya au mkanda unaovuka njia. Baadaye yakaja mabomu yenye sahani nene ya chuma ambayo mlipuko huigeuza kuwa kombora na kuirusha ubavuni kutoka mbali. Kisha yakaja yenye masikio: yanasikia mtetemo wa ardhi, yanahisi joto la injini, na mengine huliacha gari la kwanza lipite, yakangoja la pili. Mbogo alipofika hapo aliinywa ile chai, ambayo ndiyo ilikuwa kifaru, akasema haya ya mwisho hajayaona na hana hamu nayo.

Vitani bomu hili ni mlinzi asiyekula wala kulala. Unaliweka mahali ambapo gari halina pa kukwepea, kwenye kona kati ya kilima na bonde, na moja linafunga njia ambayo ingetaka mengi ya kuzikwa. Jeshi lenye utaratibu huchora ramani yake, hulilinda, na huliondoa likihama. Wapiganaji wa porini hawana ramani. Wakiondoka wanaliacha, nalo linaendelea kuilinda njia ambayo hakuna tena anayeigombania. Na bomu hilo halijui kifaru ni nini. Waya ukivutwa na lori la mihogo, au na ng'ombe, kwake hicho ni kifaru.

Namna ya kulitafuta mnaijua, kwa hiyo sitarefusha. Ukifika kwenye kona, simama ujiulize wewe ungejificha wapi. Angalia nyasi zilizokatwa bila sababu, maana bomba linahitaji kuona linakopiga. Na ukilipata, likaribie kutoka mgongoni. Mdomo unaangalia njia. Ukiijua njia, umeujua mdomo. Sentensi hiyo nimewafundisha askari kwa miaka mingi. Ndiyo iliyotaka kuniua.

Niliporudishwa Kigoma ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wakiteremka milimani kutoka Burundi mpaka ufukwe wa Kagunga ukawa hauonekani mchanga, na meli ikawa inawachukua kutoka hapo kuwaleta mjini. Mimi na Koplo Hamisi, kijana wa Tanga aliyeogopa maji kuliko mabomu, tulipelekwa huko kukagua mizigo. Siku ya kwanza tulipata kwa bibi mmoja bomba tupu la roketi, limezibwa kwa majani ya mgomba huku na huku. Ndani mlikuwa na chumvi. Nikamwambia kwa Kiha kwamba hicho ni kitu cha vita, anipe. Akaniuliza, "Nikupe, halafu chumvi niiweke wapi, kiganjani?" Nikamtafutia kopo la mafuta ya kula. Alilinusa, akasema bomba lilikuwa safi zaidi.

Nalieleza hilo ili mjue watu wale tuliwaonaje. Walikuwa watu wa chumvi na magodoro. Wachache miongoni mwao walikuwa wameshika bunduki kabla ya kukimbia, na kila mtu alijua hivyo, lakini hilo lilikuwa shughuli ya ofisi nyingine. Sisi tuliuliza chuma kiko wapi.

Miaka ikapita, vita kule vikatulia, wakimbizi wakaanza kurudi kwao. Malori ya kuwarudisha yalitakiwa kupita njia moja ya vumbi inayopanda mpaka mpakani, iliyokuwa haitumiki na malori tangu mapigano. Kikosi chetu kikaamriwa kuikagua mpaka kilima cha mwisho upande wetu. Tulikwenda kwanza kwenye kambi ya wakimbizi kuuliza kama kuna aliyewahi kuona chochote huko. Watu walitusikiliza kwa adabu, wakanyamaza kwa adabu.

Jioni yake nilikuwa nafuta vumbi kitambuzi nje ya hema, akaja mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, amevaa koti la suti lisilo na vifungo.

"Amahoro, Afande."

"Amahoro. Karibu."

Jina lake Ntirampeba. Alichuchumaa mbali kidogo, akawa anachora chini kwa kijiti. Akauliza kama ni kweli malori yatapita ile njia ya kilimani. Nikamwambia ni kweli, tukiisafisha.

"Kwenye kona ya jiwe kubwa, kando, kuna kitu," akasema. "Kina miguu mitatu. Kinaangalia njia."

"Ulikionaje?"

"Nilipita nikikimbia."

Nilimtazama. Mtu anayekimbia vita na mtoto mgongoni hahesabu miguu ya kitu kilichofichwa kwenye nyasi. Nikamwomba aje atuonyeshe.

"Oya, Afande," akasema, yaani hapana. "Nina mke, nina watoto wawili. Jina letu liko lori la kwanza. Mimi sijakwambia kitu. Umesikia tu."

Nikamwambia nimesikia tu. Nilifikiri tumeelewana, na kwa kweli yeye alikuwa ameelewa.

Tuliajiri vibarua wanane kutoka kambini wa kufyeka nyasi nyuma yetu, mahali tulipokwisha kupitisha kitambuzi na kuweka utepe mwekundu. Siku ya tatu, tulipokaribia kona ya jiwe, nikamwona Ntirampeba miongoni mwao ameshika fyekeo. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Mpaka leo sijui kama alikuja kwa ajili ya ujira au kwa kuwa hakuweza kukaa kambini akitungojea.

Kona ilikuwa kama alivyosema: jiwe la ukubwa wa nyumba, njia inapita chini yake, upande wa juu nyasi ndefu kuliko mtu. Kwa darubini niliona, katikati ya nyasi, kitu kilichonyooka mno kuwa tawi. Nikamwambia Hamisi azuie watu. Mimi nikapanda kilima kwa kuzunguka mbali, nikipitisha kitambuzi hatua kwa hatua, ili nilifikie kutoka juu, mgongoni. Njia iko chini, kwa hiyo mdomo uko chini. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikumbuka hata kwamba sijala.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ile haikuwa njia. Miaka ya nyuma njia ilipita juu, upande wa pili wa bomu. Mvua zikaikata mbele ya kona, pakawa korongo, na watu wa mbao waliokuwa wakipenya huko kwa matrekta wakajifungulia nyingine chini ya jiwe. Ya zamani ikaota nyasi. Bomu lilikuwa limebaki palepale, katikati ya njia mbili, limeipa mgongo ile tuliyoikagua siku tatu, na linaitazama ile ya zamani. Na mimi, kwa utaalamu wangu wote, nilikuwa nimezunguka kilima kizima ili nije kulisimamia usoni.

Niliona chini ya miguu yangu pamekuwa sawa, pana, kama sakafu, nikafurahi kwamba sasa kutembea ni rahisi.

"Hagarara!"

Hilo ni neno la kusimama, kwa Kirundi na kwa Kiha vilevile. Mama alinipigia nalo kelele utoto wangu wote, na nadhani ndiyo sababu mguu ulitii kabla ya kichwa. Kama angesema kwa Kiswahili sina hakika.

Ntirampeba alikuwa ameruka utepe, amepanda juu ya jiwe ambako wote walimwona.

"Afande, uko mbele yake," akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Hapo uliposimama ndiyo njia. Waya uko hatua tatu mbele yako, chini ya goti. Toka kama ulivyoingia. Usigeuke, rudi kinyumenyume."

Nilirudi kinyumenyume. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nasema hivyo kwa vijana wanaodhani wazee wao hawakuogopa. Nilipofika kwenye utepe nilikaa chini. Hamisi akanipa maji, nikayamwaga yote kifuani. Vibarua wengine walikuwa wameinamisha vichwa wakifyeka mahali palipokwisha kufyekwa. Ntirampeba aliteremka kwenye jiwe, akachukua fyekeo lake, akajiunga nao.

Bomu tulililipua hapohapo lilipo mchana ule, baada ya kulipitia upande ambao kweli ulikuwa mgongo. Jiwe lilipata kovu. Njia zote mbili zikawa salama.

Sasa niwaeleze desturi ambayo mmeikuta kikosini na labda hamjui ilikotoka. Aliyeliona bomu ndiye anayeandikwa kwenye ripoti, hata akiwa mpishi. Mbogo ndiye aliyeianzisha, baada ya kuchoka kusoma ripoti ambazo mabomu yote yalionwa na maofisa waliokuwa wamelala. Kwetu ilikuwa heshima kubwa. Nimeona askari watu wazima wakigombania mstari huo. Kuandika jina lako mahali pa aliyeona kulihesabiwa wizi.

Nikaandika ripoti usiku ule nikiwa na moyo uliojaa shukrani. Niliandika kwamba bomu limetajwa na Ntirampeba, mkimbizi, na kwamba yeye ndiye aliyenisimamisha, kwa kuwa alijua upande wa mdomo na umbali wa waya. Sikuacha kitu. Nilipendekeza apewe barua ya shukrani, ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na mimi mwenyewe nikampelekea kambini kwa furaha.

Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Jina langu umeliweka kwenye karatasi, Afande?"

"Nimeliweka. Unastahili."

"Nilikwambia nilipita nikikimbia."

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikampiga begani, nikamwambia watu kama yeye ni wachache, nikaondoka zangu. Ninaandika haya polepole kwa sababu hapa ndipo ninapojichukia.

Asubuhi ya lori la kwanza nilikuwapo, kwa kuwa tulikuwa tunaikagua njia upya kila siku kabla ya msafara. Watu walikuwa wakiitwa kwa orodha na kupanda. Familia ya Ntirampeba ilipoitwa, mke na watoto walipanda, naye alipotaka kupanda watu wawili walimshika mkono taratibu, wakamwambia kuna maswali machache. Akanitazama mara moja tu. Hakuonekana kushangaa.

Nilikwenda kwenye hema walimompeleka. Ofisa aliyekuwa mle alinikaribisha vizuri, ripoti yangu ikiwa mezani mbele yake. Akasema ni ripoti iliyoandikwa vizuri kuliko zote alizopata.

"Anayejua waya uko hatua ngapi ni aliyeufunga," akasema. "Tumemtafuta mtu wa kundi lililotega kule siku nyingi."

"Ameniokoa maisha."

"Hilo nalo umeliandika."

Nikasema nitaandika nyingine. Akasema hakuna haja, hii inatosha, akanishukuru. Walimpeleka mahali pengine walikowekwa waliokuwa wapiganaji, mbali na ziwa. Niliuliza habari zake mara tatu katika miaka iliyofuata, na mara zote tatu niliambiwa faili limehamishwa. Kama alikuwa ameua watu kwa bomu lile au jingine, sijui. Najua kwamba alikuwa na siri moja, na angeweza kuibakiza kwa kuniacha nitembee hatua tatu.

Mnaniuliza somo. Ripoti huandikwa na anayependa na kusomwa na asiyejali, kwa hiyo kabla ya kutia saini isomeni kama yule wa pili. Kwenye mstari wa aliyeona ningejiandika mimi: bomu lilionwa na mkaguzi. Ungekuwa wizi, na Mbogo angeninunia, na ningelala.

Nilipotoka hemani asubuhi ile, mke wa Ntirampeba, Spesiosa, alikuwa ameteremka kwenye lori na kunisubiri. Alikuwa na ile barua ya shukrani, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mzee, mimi sijui kusoma Kiswahili," akasema. "Hii inasema nini?"

"Inasema asante."

"Inasema amekosa?"

"Hapana. Haisemi amekosa."

"Basi wapelekee wasome."

Nikamwambia wameshasoma. Nikamwambia apande, aende na watoto, mume atafuata. Alinitazama kuona kama ninaamini nilichosema. Kisha akarudi kwenye lori, akamteremsha mtoto mkubwa, akamteremsha mdogo, akateremsha godoro na sufuria, akakaa juu ya godoro kandokando ya njia akiielekea ile hema. Karani aliita majina yao mara mbili, akayafuta kwenye orodha. Lori likaondoka na nafasi nne tupu, likapanda kilima, likapita kwenye kona ya jiwe salama kabisa.